Maghorofa, magari ya wasafiri na uwanja wa watoto: mtaa udai nini?

Swali: Mtaa wetu ni wa nyumba fupi, na mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi stesheni ya treni. Kampuni moja imeomba kibali cha kujenga maghorofa yenye makazi 180 kwenye kiwanja cha ghala la zamani. Tayari tuna kero ya watu wanaotoka mbali, wanaacha magari mbele ya mageti yetu asubuhi, wanapanda treni, wanarudi jioni. Sasa halmashauri inataka kuchukua sehemu ya uwanja wa watoto iwe maegesho ili kupunguza kero hiyo. Kampuni nayo inaahidi kujenga uwanja mwingine ndani ya mradi wake. Majirani wameandika waraka unaopinga maghorofa, unaopinga kuguswa kwa uwanja, na unaotaka "maegesho ya kutosha kwa wote". Nitie sahihi? Mkutano wa hadhara ni mwezi ujao. *Mama wa watoto wawili*

Jibu: Dada yangu, kabla ya kushika kalamu, tenganisha magari. Barua yako ina magari ya aina mbili, na naona mtaa mzima unayasema kwa pamoja. Kuna magari yaliyopo leo, ya watu wa treni. Halafu kuna magari ambayo bado hayajaja, ya wapangaji wa maghorofa. Halmashauri inataka kuukata uwanja kwa ajili ya hayo ya kwanza, majirani wanapinga nyumba kwa kuyaogopa hayo ya pili, na katikati watoto wako wanapokonywa bembea kwa kosa lisilo lao. Ukiyatenganisha utaona kwamba kila kundi lina dawa yake, na kwamba hakuna dawa hata moja inayohitaji ardhi ya uwanja.

Anzeni na hesabu. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hii, na ninayemwona akisikilizwa ni yule aliyekuja na jedwali, hata kama ana sauti ndogo. Kazi yenyewe haihitaji mshauri elekezi. Chagueni siku ya kazi katikati ya wiki, isiyo ya sikukuu wala ya likizo ya shule. Watu wawili wapite na daftari mara nne: saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Kila kipande cha barabara, kutoka kona hadi kona, kipewe ukurasa wake. Chora nafasi zinazoweza kukaa gari kwa mpangilio wake, ukiruka mageti na kona, kisha andika herufi au tarakimu tatu za mwisho za namba ya kila gari. Tatu zinatosha. Namba nzima ni taarifa ya mtu, na hamna sababu ya kuitunza.

Jioni mkikaa na kurasa hizo, magari yatajieleza yenyewe. Lililokuwepo alfajiri na likawepo usiku ni la mkazi. Ambalo halikuwepo alfajiri, likaonekana saa nne na saa tisa mahali palepale, kisha usiku halipo, hilo ni la msafiri wa treni au la mtu anayefanya kazi jirani. Lililoonekana mara moja tu ni la fundi, mgeni au mteja. Rudieni Jumamosi moja. Kundi la katikati likiyeyuka siku hiyo, hapo ushahidi wenu umekamilika.

Nikutahadharishe kwamba majibu huwa hayapendezi sana. Mara nyingi kero inakuwa kali kwenye mitaa miwili mitatu iliyo karibu na stesheni, na ukivuka hapo nafasi zipo tele. Na magari ya usiku, yale ya wenyeji, yanakuwa mengi kuliko wenyeji walivyodhani. Mabanda ya magari yaliyojaa viti vibovu na maboksi hayamo kwenye malalamiko ya mwenye nyumba, lakini ofisa wa mipango miji akipita atayaona. Afadhali muyaone ninyi kwanza.

Kipimo cha kusomea hesabu hizo kipo. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyefariki mwaka 2025 baada ya kuyachunguza maegesho kwa miongo kadhaa, alipendekeza barabara isijae zaidi ya takriban asilimia 85. Kwenye kipande chenye nafasi saba, hiyo ni nafasi moja iliyo wazi wakati wote. Chini ya hapo hakuna uhaba, kuna mazoea ya kutaka kuegesha mlangoni. Juu ya hapo watu wanazunguka wakitafuta nafasi, na gari linalozunguka ndilo linalomtishia mtoto anayevuka.

Sasa njoo kwenye pendekezo la halmashauri. Gari likiwa limesimama huchukua karibu mita 2.5 kwa 5. Ongeza njia ya kuingilia na ya kugeuzia, utafika mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Kwa hiyo wakikata mita za mraba 1,000 za uwanja, wanapata nafasi 33 hadi 40. Magari ya wasafiri kwa kawaida huja na mtu mmoja ndani. Ardhi ya watoto wa mtaa mzima inabadilishwa kuwa nafuu ya watu arobaini ambao hata si wakazi, tena kwa saa zilezile ambazo watoto wametoka shule na wanatafuta pa kuchezea.

Na nafasi hizo zitajaa. Leo kuna mtu anayepanda basi hadi stesheni kwa sababu anajua hapaegesheki. Akisikia pamefunguliwa eneo la bure, ataanza kuja na gari. Ndani ya muda mfupi mtarudi palepale, magari mbele ya mageti, ila sasa uwanja ni mdogo. Kuurudisha ni vigumu mno, maana hao arobaini watakuwa wamezoea, na watakuja mkutanini kutetea haki yao. Maegesho ya wasafiri yana mahali pake, nayo ni stesheni za mbali kidogo kwenye njia hiyohiyo ya treni, ambako ardhi ni pana na dereva analiacha gari kabla hajaingia kwenye msongamano. Stesheni iliyo katikati ya makazi inafaa ifikiwe kwa miguu, baiskeli na basi. Muulizeni ofisa kama halmashauri imewahi kukaa na wenye reli kulijadili hilo. Swali ni jepesi, lakini jibu lake huonyesha kama kukata uwanja kulikuwa wazo la mwisho au la kwanza.

Dawa ya magari ya treni ni ya kanuni, na ni ya bei ndogo. Mnaweka eneo la vibali vya wakazi. Siyo lazima zuio liwe la kutwa. Kuna halmashauri London ambazo kwenye mitaa iliyo karibu na stesheni zinaweka zuio la saa moja au mbili tu mchana. Tuseme ni saa tano hadi saa sita. Ndani ya saa hiyo asiye na kibali haruhusiwi kuegesha, na saa nyingine zote barabara iko huru. Aliyekuja kumsalimia shangazi yake jioni hapati shida, fundi wa bomba anayekuja alasiri hapati shida, lakini mtu wa treni amekwama, kwa kuwa hawezi kutoka kazini aje kusogeza gari. Mkaguzi naye anapita mara moja kwa siku badala ya kushinda mtaani. Naipenda kanuni hii kuliko zote kwa sababu inamgusa yule tu aliyelengwa.

Yako mambo ya kuangalia. Eneo likiwa dogo, magari yatahamia mtaa wa pili na mtakuwa mmewatupia majirani kero yenu, kwa hiyo mpaka wake uende mbali kadiri mtu anavyokubali kutembea hadi stesheni. Muuguzi anayekuja kumhudumia mzee nyumbani apewe tiketi ya mgeni bila kuzungushwa. Gari la pili la kaya moja lilipiwe zaidi ya la kwanza. Ikitozwa ada, daini iandikwe kwamba itarudi hapohapo mtaani. Mji wa Pasadena, California, ulifanya hivyo mwaka 1993 katika eneo lake la kale: mashine za kulipia maegesho ziliwekwa, wafanyabiashara waliokuwa wakizipinga wakalegea walipohakikishiwa kwamba mapato yatatengeneza njia za miguu, miti na taa za eneo hilohilo. Ada inayopotelea kwenye mfuko mkuu watu huiona kama kodi nyingine, na hawakosei.

Tuje kwenye maghorofa, ambako najua nitawaudhi baadhi ya majirani zako. Kiwanja cha ghala la zamani karibu na stesheni ni mahali pazuri pa kujenga makazi mengi, na sioni sababu nzuri ya kuyapinga makazi yenyewe. Watu wa kaya hizo 180 wataishi mahali fulani. Wakikosa hapa watajenga mbali zaidi, watanunua magari, na kesho asubuhi watakuwa miongoni mwa wale wanaoegesha mbele ya geti lako. Msilione hilo kama kejeli, ndivyo kero yenu ilivyozaliwa. Kaya inayoishi hatua chache kutoka kwenye treni kwa kawaida huwa na magari machache kuliko kaya ya pembezoni.

Hofu ya magari mapya bado ni halali, lakini jihadharini na dai linalokuja haraka mdomoni, la kwamba kila nyumba iwe na nafasi yake ya gari. Pigeni hesabu. Makazi 180 kwa mita za mraba 25 hadi 30 ni mita za mraba 4,500 hadi 5,400 za sakafu ya magari. Zikijengwa juu ya ardhi zinameza nafasi ambayo ingekuwa miti na uwanja, na zikichimbwa chini ya jengo gharama yake inaingia kwenye kodi ya kila mpangaji, hata asiye na gari. Ndiyo maana serikali kadhaa zimeachana na viwango vya lazima vya maegesho kwa kila jengo. Mexico City ilivifuta mwaka 2017 na badala yake ikaweka kikomo cha juu. Buffalo, jimbo la New York, ilivifuta mwaka huohuo, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba karibu nusu ya miradi mikubwa ilijenga maegesho pungufu kuliko kanuni ya zamani ingedai. New Zealand iliziagiza halmashauri zake za mijini kuviondoa kwa sera ya mwaka 2020.

Ila kuna mtego ambao wapenda mageuzi haya huupita kimya. Ukipunguza maegesho ndani ya jengo huku barabara ya nje ni ya bure na haina usimamizi, magari ya wapangaji yatamwagikia mtaani. Kwa hiyo mpangilio wa mambo ni muhimu: eneo la vibali lianze kufanya kazi kabla mpangaji wa kwanza hajapewa ufunguo. Halmashauri kadhaa za London huenda mbali zaidi na kuandika kwenye makubaliano ya ujenzi kwamba wakazi wa jengo jipya hawatapewa vibali vya barabarani kabisa. Japani ina njia yake tangu sheria ya mwaka 1962: anayetaka kusajili gari huonyesha kwanza kwamba ana pa kuliweka, na pasiwe zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani. Mimi mwenyewe nasitasita kuhusu kuwanyima wakazi wapya kile ambacho wenyeji wanacho, kwa sababu barabara ni ya umma na kutangulia kuhamia si hati ya kuimiliki. Lakini kama mtu anaambiwa tangu siku anayosaini mkataba wa pango, angalau hajadanganywa.

Mengine mnayoweza kuyadai kwa mradi ni ya kawaida: barua ya mamlaka ya maji kwamba bomba na mfereji wa majitaka vinahimili, mchoro wa kivuli cha jengo saa za asubuhi na jioni, njia ya malori ya ujenzi isipite mbele ya shule. Ofisi ya mipango miji imezoea maswali hayo.

Nataka nikae zaidi kwenye uwanja, maana hapo ndipo mitaa hupoteza bila kujua imepoteza. Mnaambiwa usawa upo: hapa tunachukua kidogo, kule kampuni itajenga mpya. Linganisheni kwanza hesabu. California, kwa sheria ya mwaka 1965 iitwayo Quimby Act, iliipa miji mamlaka ya kumtaka anayegawa ardhi ya makazi atoe ardhi ya bustani au fedha badala yake, na kipimo chake cha msingi ni ekari 3 kwa kila wakazi 1,000. Makazi yenu 180 yakiingiza watu 400, kipimo hicho kingedai ekari 1.2, yaani karibu mita za mraba 4,850 *zaidi* ya mlizonazo. Sheria hiyo si yenu, lakini hesabu yake inasaidia kuuliza swali ambalo ofisa atapata tabu kulijibu: mnaleta wachezaji wapya, mnapunguza uwanja kwa sababu gani?

Kisha uchunguzeni uwanja ulioahidiwa. Mchoro wa rangi wenye watoto wanaoruka msiuamini mpaka mjue uko wapi hasa. Nimeona viwanja vya kuchezea vilivyowekwa juu ya paa la maegesho, ndani ya geti linalofunguka kwa kadi ya mpangaji. Huo ni uwanja wa jengo, si wa mtaa. Daini iandikwe kwamba uko wazi kwa umma bila geti, kwamba ardhi yake itakabidhiwa halmashauri au iwe na sharti la kudumu kwenye hati, kwamba utakamilika kabla ya awamu ya kwanza ya makazi kuanza kukaliwa, na kwamba kuna fungu la matengenezo lenye anayewajibika. Uwanja unaopangwa awamu ya mwisho una tabia ya kufifia fedha zinapopungua.

Umbali pia. Uingereza, shirika la Fields in Trust, lililoanzishwa mwaka 1925 kutetea viwanja vya kuchezea, linapendekeza sehemu ndogo kabisa ya watoto wadogo iwe ndani ya mita 100 kutoka nyumbani, yenye vifaa iwe ndani ya mita 400, na ile kubwa ya vijana ndani ya mita 1,000. Mita hizo ni za kutembea. Rula juu ya ramani haioni barabara kuu wala ukuta. Chukua mwanao mdogo, toka getini, mtembee hadi kwenye kiwanja cha ghala mkihesabu dakika, na uandike kila mahali ulipolazimika kumshika mkono. Kama kuna barabara moja ambayo usingemruhusu avuke peke yake akiwa na miaka minane, basi uwanja mpya haujachukua nafasi ya ule wa zamani, hata uwe na mitelezo mizuri kiasi gani.

Mvuto wa vifaa vya gharama nao ni wa kupimwa. Amsterdam mwaka 1947 ilimpa msanifu kijana, Aldo van Eyck, kazi ya kutengeneza kiwanja cha kuchezea kwenye uwanja mdogo uitwao Bertelmanplein. Aliweka shimo la mchanga lenye ukingo mpana, mawe manne ya mviringo, vyuma vya kuning'inia, viti na miti. Basi. Wazazi wa mitaa mingine wakaandika barua kutaka na wao wapate, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 mji ulikuwa na zaidi ya 700, vingi vikiwa kwenye viwanja vitupu na kona zilizosahauliwa. Kilichofanya kazi pale ni ukaribu: kipo pale mtoto anapoishi na mzazi anakiona kutoka dirishani. Chagueni hivyo kuliko kiwanja kimoja kikubwa kilicho mbali.

Waulizeni pia watoto wakubwa, hasa wasichana. Vienna ilipochunguza bustani zake katika miaka ya 1990, iligundua kwamba wasichana wakikaribia miaka kumi walikuwa wakipungua, wakati wavulana walibaki, kwa sababu eneo la katikati lilikuwa limetawaliwa na mpira. Mji ukajaribu kuongeza njia za kupitia na kugawa eneo moja kubwa kuwa madogo kadhaa, na wasichana wakarudi. Uwanja wenu wa sasa ukiwa na nafasi moja tu ya mpira na bembea mbili, mradi huu ni fursa ya kuuboresha. Fedha ambazo kampuni ingetumia kwenye uwanja wa paani zinaweza kuletwa hapa.

Kuhusu haki ya mtoto ya kucheza, ipo kwenye ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Itajeni, ila msianze nayo. Wajumbe wataitikia kwa vichwa kisha wataendelea na ajenda. Chenye meno ni ramani ya mipango ya eneo lenu. Kama uwanja umeandikwa humo kuwa eneo la wazi, kuugeuza maegesho ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na mabadiliko hayo kwa kawaida yana utaratibu wake wa tangazo na pingamizi. Ombeni kuiona ramani hiyo wiki hii, msisubiri mkutano. Na mkutanoni daini suala la uwanja lijadiliwe na kuamuliwa peke yake, lisifungwe kwenye furushi moja na kibali cha maghorofa.

Kuhusu sahihi yako: usitie kwenye waraka ulivyo sasa. Mstari wa pili unalinda uwanja, na wa tatu, ule wa "maegesho ya kutosha kwa wote", unampa ofisa sababu ya kuuchukua. Mwombe aliyeuandika waraka aufute mstari huo wa tatu na badala yake aandike: "Tunataka eneo la vibali vya wakazi lianze kabla ya jengo kukaliwa." Mstari wa kwanza ugeuzwe kuwa orodha ya masharti ya kibali. Wakikataa, andikeni wenu wa ukurasa mmoja, ambatisheni jedwali la magari, uwasilisheni ofisini kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maoni, na msiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.